SPEA HAZIJUI KUWA GARI LAKO LIMEZEEKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah Subhanahu wa Ta'ala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake wa nyumbani na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu na dada zangu katika imani, leo nazungumza na wale wanaonitumia picha za magari. Kila wiki napata mbili tatu. Range Rover Vogue ya mwaka 2006, nyeusi, imeoshwa inang'aa. Disco 3 ya kijivu. VX ya zamani yenye viti vya ngozi. Chini ya picha ameandika: "Shekhe niombee dua, nimelipata kwa bei ya IST." Mwingine anaandika: "Shekhe, si Allah anapenda kuona neema yake kwa mja wake?"

Kuomba dua nitaomba. Lakini kabla ya dua nina maneno, na wengine hawatayapenda. Nasema hivi: wengi wenu mnaonunua haya mashangingi ya zamani hamna uwezo nayo, bei ya kununulia ndiyo imewadanganya. Na wengi wenu mnaowauzia ndugu zenu mnawala kwa kuwaficha. Yote mawili ni mambo ya dini, na yote mawili tutaulizwa.

"SHEKHE, MAGARI YANAKUHUSU NINI?"

Najua swali hili litakuja, basi nilijibu kabisa. Fiqhi haikuishia kwenye udhu na swala. Nusu kubwa ya vitabu tulivyosoma madrasa ni kuuza, kununua, kukopa, kukodisha, kuweka rehani, na haki za mke na watoto. Siku hizi ukiacha nyumba na kiwanja, kitu kikubwa ambacho mtu wa kawaida anakinunua maishani ni gari. Sasa imamu akinyamaza kwenye gari, atazungumza wapi?

Halafu kesi zinatufikia sisi. Kuna ndoa tumeketi kuisuluhisha hapa msikitini kwetu. Bwana aliuza kiwanja akanunua Disco. Miezi 4 akatamba nayo. Mwezi wa 5 injini ikanoki. Akachukua mkopo wa kausha damu kwa kuweka rehani hati ya nyumba, akanunua injini ya mtumba, nayo ikafa. Gari liko juu ya mawe, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, mke ameshika talaka mdomoni. Mnataka niwaambie hiyo si kazi ya imamu?

Na msidhani nazungumza kwa kusikia tu. Nimekaa na mafundi miaka mingi, maana wengi wao ni waumini wangu. Yanayofuata ndiyo wanayoyasema wao wakiwa hawana cha kukuuzia.

KWA NINI GARI LA KITAJIRI LINAUZWA BEI YA MASIKINI?

Jiulize swali hilo kwanza. Gari ambalo jipya lilikuwa la mawaziri na wafanyabiashara wakubwa, leo linauzwa bei ya gari dogo la mjini. Nani kalishusha? Unadhani wenye magari hayo Uingereza hawayapendi?

Wanayapenda, lakini wanajua hesabu. Mwenye nalo anafika mahali anaona matengenezo ya mwaka mmoja yanakaribia thamani ya gari zima. Juu ya hapo, pale London kuna ukanda wa hewa safi ulioanza mwaka 2019, na Agosti 2023 ukatandazwa katika mitaa yote ya jiji. Gari la dizeli lisilofikia kiwango kinachotakiwa linalipa pauni 12.50 kwa kila siku linayotembea humo. Disco 3 ya dizeli haifikii kiwango hicho. Mwenye nayo anaitoa kwa bei yoyote. Mnunuzi anaipakia melini, inakuja kwetu, unaambiwa "bahati yako".

Ndugu yangu, bei imeshuka kwa sababu mzigo wa kulitunza umepanda. Mwenzako ameutua mzigo, wewe umeuokota na kusema alhamdulillah.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Gari linazeeka, bei yake inashuka kila mwaka. Spea zake hazishuki. Kompresa ya springi za upepo ya Vogue haijui kwamba Vogue yako umeinunua rahisi. Imetengenezwa kwa gari la bei kubwa na inauzwa hivyo. Gia boksi haijui kwamba wewe ni mwalimu au una duka la nguo. Ukinunua gari la kitajiri lililozeeka, umenunua kwa bei ya masikini gari lenye bili za tajiri.

TUYAPIME MOJA MOJA

Sitaki mseme imamu anachukia Land Rover. Ni magari mazuri sana. Ukikaa ndani ya Vogue barabara ya vumbi utadhani uko sebuleni. Tunazungumzia kinachovunjika, kwa nini kinavunjika, na nani analipa.

Tuanze na Disco 3, iliyotoka mwaka 2004 hadi 2009, na mrithi wake Disco 4 hadi mwaka 2016. Nyingi zinazofika kwetu zina injini ya dizeli ya V6, lita 2.7 au lita 3.0. Injini hizi zina mkanda wa taimingi mbele, na mkanda mwingine nyuma unaozungusha pampu ya mafuta. Watengenezaji wa ile ya 2.7 waliupa mkanda takriban maili 105,000 au miaka 7 kwa mazingira ya Uingereza. Gari lako lina miaka 18. Je, ulibadilishwa? Nani ana risiti? Ukikatika, injini imekwenda. Halafu kuna ugonjwa wa krenki, beringi zake kuzunguka au yenyewe kukatika, unaojulikana dunia nzima kwa injini hizi. Oili ikicheleweshwa, ndiyo unaikaribisha. Na kazi kubwa kama ya tabo, mafundi wengi wanaona afadhali wanyanyue bodi yote juu ya chesi ndipo waifikie. Sasa fikiria ufundi wa saa ngapi huo.

Springi za upepo nazo zielewe, maana hapa wengi wanaibiwa. Mpira wa springi unazeeka, unapata ufa mdogo, upepo unavuja taratibu. Gari linajihisi limeshuka, linaiamuru kompresa ijaze. Inajaza, inavuja, inajaza, inavuja. Kompresa iliyotengenezwa ifanye kazi dakika chache sasa inafanya kutwa nzima. Inaungua. Asubuhi unakuta gari limelala chini kama ngamia aliyekataa safari. Fundi asiye mwaminifu anakuuzia kompresa mpya bila kugusa ule ufa. Baada ya muda mfupi nayo inaungua. Umelipa mara mbili na ugonjwa uko pale pale.

Tuje kwenye Vogue, hii ya kuanzia mwaka 2002 hadi 2012. Watu wanasema "Vogue" kana kwamba ni gari moja. Zile za mwanzo zina injini za BMW, kwa sababu BMW ndiye aliyekuwa na kampuni ile wakati gari linachorwa. Mwaka 2000 akaiuza kwa Ford, na kuanzia matoleo ya 2006 hivi za petroli zikawekwa injini za Jaguar. Mwaka 2008 Ford naye akaiuza kwa Tata wa India. Kwa hiyo spea ya Vogue ya 2004 na ya 2008 si moja, na muuza spea asiyejua atakupa isiyo yako. Za dizeli za mwanzo, lita 3.0, injini yake ni imara lakini gia boksi ndiyo inayolalamikiwa. Zote zimejaa kompyuta. Ukibadilisha kifaa, mara nyingi lazima mashine maalumu ikitambulishe kwa gari, la sivyo gari linakikataa. Fundi wa chini ya mwembe mwenye spana nzuri na moyo mzuri hawezi. Jiulize mjini kwenu mashine hiyo wanayo wangapi, na ukiwa Newala au Kigoma utaipata wapi.

Sasa wapenzi wa Toyota wameshaanza kutabasamu. Subirini, zamu yenu imefika.

VX, yaani Land Cruiser 100, ilitoka mwaka 1998 hadi 2007. Ni kweli ni gari gumu. Ile ya dizeli ya lita 4.2, silinda 6 za mstari, ikitunzwa inakwenda kilomita laki kadhaa bila kufunguliwa. Spea zipo Kariakoo, zipo Ilala, zipo mikoani, na mafundi wake wako kila wilaya. Huo ndio ubora wake mkubwa, na ndiyo sababu VX ya 2003 haikubali kushuka bei. Soko si pumbavu.

Lakini haina maana haifi. VX ya petroli ya lita 4.7 ina mkanda wa taimingi, na mafundi huubadilisha kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Stata yake imefichwa chini ya manifoldi ya hewa katikati ya injini, kwa hiyo stata ikifa unafungua nusu ya juu ya injini ndipo uione. Zile za hadhi ya juu zina springi za haidroliki za kupandisha na kushusha gari. Oili yake isipobadilishwa na zile tufe zake zikichoka, gari linaruka kama punda. Na Prado ya mwaka 2002 hadi 2009 yenye dizeli ya lita 3.0, ile mnayoiita D-4D, ina sili za nozeli zinazovuja. Moshi unaingia kwenye oili, oili inaganda masizi, masizi yanaziba chujio la chini kabisa, injini inakosa oili na kunoki. Sili yenyewe ni kitu kidogo, lakini inaua injini nzima. Wangapi wamenunua Prado kwa jina la Toyota wakazika injini kwa sababu hakuna aliyewaambia wakague sili?

Basi hukumu ya mafundi niliyoikusanya ni hii. Toyota kubwa za zamani bei ya kununua iko juu, lakini kuharibika kwake kunatabirika na kunatengenezeka. Land Rover za zamani bei ya kununua iko chini, lakini kuharibika kwake kunakuja kwa mfululizo, kwa gharama kubwa, na kwa fundi mmoja au wawili mjini. Na za Kijerumani za zamani zenye springi za upepo, akina Mercedes ML na GL, ziweke upande wa Land Rover, si upande wa Toyota. Anayekuambia zote ni sawa, anataka kukuuzia.

HESABU YA MAFUTA

Sasa chukua kalamu. Tuseme unatembea kilomita 15,000 kwa mwaka, sawa na kilomita 41 hivi kwa siku. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe rahisi. Wewe weka bei ya kituoni kwenu.

V8 ya petroli, iwe Vogue ya 4.4 au VX ya 4.7, mjini na safari kwa wastani inakula karibu lita 17 kwa kilomita 100. Kwa mwaka ni lita 2,550. Hiyo ni shilingi 7,650,000, yaani kila mwezi 637,500.

Dizeli, iwe Disco ya 2.7, VX ya 4.2 au Prado ya 3.0, tuipe lita 12 kwa kilomita 100. Kwa mwaka ni lita 1,800, shilingi 5,400,000, yaani kila mwezi 450,000.

Hayo ni mafuta tu. Oili bado, matairi bado, bima bado, na hakuna kilichovunjika. Na uone kitu: VX ya petroli inakula sawasawa na Vogue. Uimara haushibishi tangi. Anayesema "nimenunua Toyota, gharama hakuna" naye amejidanganya.

Na mwalimu wa madrasa anayemfundisha mwanao Qur'ani ukimpa elfu ishirini kwa mwezi unaona umemaliza. Haya.

"LAKINI NEEMA YA ALLAH IONEKANE"

Hoja hii nimeisikia hata kwa walinganiaji wenzangu. Wanapanda mimbari kuwaambia vijana kwamba muislamu asionekane dhalili, apande gari la heshima, makafiri wamheshimu. Maneno matamu. Nawajibu kwa adabu, lakini nawajibu.

Ni kweli hadithi ya neema ipo. Haikatazwi kupanda gari zuri. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alikuwa tajiri, Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa tajiri, na hawakuamrishwa wajifanye mafukara. Mwenye mali ya halali, akaihudumia familia yake, akatoa zaka, akanunua Vogue na anaweza kuitengeneza, Allah ambarikie. Makala hii haimhusu.

Lakini hadithi inazungumzia neema. Neema ni ulichopewa. Ulichokopa kwa riba ni deni. Unaonyesha watu deni lako na kuliita neema? Gari lililouzia kiwanja cha watoto, likanyweshwa mafuta kwa mkopo wa kausha damu, ni neema ya nani?

Allah katika Suratul Furqan amewasifu waja wake kwamba katika kutoa kwao wako kati kwa kati, hawafanyi fujo wala hawabani. Israfu haipimwi kwa bei ya kitu peke yake. Inapimwa kwa mtu na hali yake. Baiskeli inaweza kuwa israfu kwa mtu ambaye watoto wake hawajala. V8 inaweza isiwe israfu kwa mwingine.

Na kuhusu deni, kumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiletewa jeneza akauliza kwanza kama marehemu ana deni. Deni tu, na mtu ameshakufa! Sisi tunalichukua deni tukiwa hai na afya zetu, kwa ajili ya taa za mbele zenye umbo zuri.

Kisha kuna huyu mwingine. Ukimuuliza Hija anakwambia "nangoja Allah aniite". Wito wa Vogue aliusikia siku hiyohiyo dalali alipopiga simu.

NENO KWA WAUZAJI NA MADALALI

Sasa wauzaji. Wengine wenu mnaswali safu ya kwanza, nawajua, na nawapenda kwa ajili ya Allah. Ndiyo maana nasema waziwazi.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema ni mvua iliinyeshea. Akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Kisa hiki mnakijua tangu chuoni.

Haya, niambieni. Kufuta taa ya injini kwa mashine asubuhi ya siku ambayo mteja anakuja, si kuweka nafaka kavu juu na mbichi chini? Kutoa balbu ya taa ya onyo kwenye dashibodi? Kumimina oili nzito ili kelele ya injini ipoe kwa wiki moja? Kuliwasha gari alfajiri ili mteja akija asisikie linavyowaka likiwa baridi? Kurudisha kilomita kutoka laki tatu hadi elfu tisini? Fungu la nafaka ni lile lile, limefungwa matairi.

Mnasema: "Shekhe, mimi nauza kama lilivyo, mnunuzi afungue macho." Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, sharti hilo halimuokoi muuzaji aliyeijua aibu ya kitu akaificha. Kuijua na kunyamaza ni haramu. Na wanazuoni wetu wamekwenda mbali zaidi, wakasema hata mtu wa pembeni anayeijua aibu hiyo inamlazimu amwambie mnunuzi. Kwa hiyo dalali usiseme "gari si langu". Fundi usiseme "mimi nilifuta taa tu, sikuuza". Mmeshiriki.

Na mwenye yadi asisahau: gari lako la kutembelea halina zaka, lakini magari uliyoyapanga kuuza ni mali ya biashara na yana zaka kila mwaka ukitimia. Mkahesabu.

NENO KWA ANAYETAKA KUNUNUA

Kama baada ya yote haya bado unataka, si haramu. Fanya haya.

Kwanza, kabla hujalipa hata shilingi, nenda kwa wauza spea wawili uandikiwe bei ya vitu vitano vya gari hilo hasa, kwa mwaka wake na injini yake: kompresa ya springi na springi moja ya upepo (au tufe za haidroliki kwa VX), mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, nozeli moja, na huduma ya oili ya gia boksi pamoja na chujio lake. Jumlisha, weka na ufundi. Ikiwa jumla hiyo huwezi kuitoa ndani ya mwezi mmoja bila kukopa na bila kugusa ada na chakula, basi gari hilo si lako. Usinihoji mimi, umejihoji mwenyewe.

Pili, nenda bila kutoa taarifa ya saa kamili, ulikute injini iko baridi. Gusa boneti kwa mkono. Likute lilipolala: kama kona moja imeshuka, springi inavuja. Washa ufunguo bila kuwasha injini, uone taa za onyo zinawaka, kisha washa injini uone zinazimika. Taa isiyowaka kabisa ina hadithi.

Tatu, peleka fundi wako, si wa muuzaji, na mashine yake. Mashine nzuri inaonyesha kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vikionekana vyote havijakamilika, huenda kuna mtu amefuta kumbukumbu siku si nyingi. Muulize ni nini alichokifuta.

Nne, tumia haki aliyokupa sheria ya Allah. Mnaweza kukubaliana khiyari ya hadi siku 3, ulijaribu gari na uwe na haki ya kulirudisha. Muuzaji mkweli hataogopa siku 3. Na ukishanunua ukagundua aibu ya zamani iliyofichwa, acha kulitumia, mwambie muuzaji mara moja mbele ya mashahidi. Ukiendelea kulitembelea mwezi mzima ndipo ulalamike, haki yako ya kurudisha umeipoteza mwenyewe.

Tano, mshirikishe mkeo. Ndiyo, mkeo. Mwonyeshe ile karatasi ya bei za spea, usimwonyeshe picha ya gari. Yeye na watoto ndio watakaolipa gari likilala juu ya mawe, na nafaka yao iko mbele ya gari lako. Ukiona huwezi kumwonyesha karatasi hiyo, umeshapata jibu lako kabla ya istikhara.

Na wenye uwezo wa kati mnaohitaji gari la porini kwa kazi kweli, shamba liko mbali, barabara mbaya: nunueni gari la chini kwa hadhi na jipya kwa umri, lenye springi za chuma na spea zinazopatikana wilayani kwenu. Hamtapigiwa saluti getini, lakini mtafika, na mtarudi, na watoto watakuwa shuleni.

Najua wapo watakaokasirika. Mwenye yadi atasema nimemharibia soko. Ndugu yangu, anayeharibikiwa soko kwa ukweli alikuwa anauza kitu gani? Na kijana aliyekwisha lipa arbuni atasema nimemvunja moyo. Afadhali moyo uvunjike leo kuliko krenki mwezi ujao.

Allah atupe riziki ya halali yenye kututosha, atuepushe na deni linalotudhalilisha na fahari inayotuangamiza. Awape wauzaji wetu ulimi wa kweli, na wanunuzi wetu subira ya kuhesabu. Awabariki mafundi waaminifu, maana hao ni wachache na wanahitaji dua zenu kuliko hayo magari.

Wafikishie wengine, hasa yule unayemjua anatafuta Vogue. Maswali ya fiqhi ya kuuza na kununua magari yaandikeni hapa chini, in shaa Allah nitayajibu baada ya Isha. Picha za magari msinitumie tena. Nitumieni ile karatasi ya bei za spea, tuombee dua juu yake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.